Nusu Iliyomo Ndani ya Insafu

Kikundi kimoja cha wanawake wasukao ukili, Unguja, kiliniita niwanyooshee katiba yao kabla haijapelekwa kusajiliwa. Kwenye lengo la kwanza walikuwa wameandika: kuleta usawa, ujumuishi na kuenzi urithi. Maneno hayo matatu hupita kwenye kila karatasi ya namna hii bila kuulizwa yanakwenda wapi.

Usawa lina kazi nyingi. Kuna usawa wa bahari, kuna usawa wa macho, na vijana wa Dar es Salaam wakisema "usawa huu" ujue mfuko umekauka. Mle chumbani usawa ulikuwa viti vya plastiki, vyote kimo kimoja. Bibi mmoja mfupi miguu ilimning'inia. Akateremka, akajikalia mkekani na ukindu wake, vidole vikaendelea.

"Niacheni huku chini, wanangu. Huku ndiko ninakosuka."

Alichokidai kina jina: insafu. Siku hizi nalisikia zaidi kwa wazee, nasi tunahangaika kulibebesha usawa mzigo wake. Limetoka Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliotupa nusu. Mwenye insafu hukumbuka kuwa jambo lina nusu ya pili, na nusu hiyo ni ya mwenziwe. Nikaliandika.

Ujumuishi ni wa jumuisha, na anayejumuisha ndiye mwenye mlango: akipenda afungue. Jumuika halina bawabu. Ijumaa, jamaa, jamii na jumuiya wote ni wa ukoo huo, na sijapata kusikia mtu akiomba ruhusa ya kwenda Ijumaa. Nikaweka kujumuika.

Urithi ndilo lililonikwaza. Tangu Mji Mkongwe uingizwe katika orodha ya UNESCO mwaka 2000, "urithi wa dunia" tumelizoea, na turathi nalo ni tawi la mti huohuo. Lakini majumbani kurithi kunataka maiti kwanza. Litaje tu, watu watauliza kafa nani, kaacha minazi mingapi. Na huyu bibi aliyewafundisha wote kusuka yuko hai, anatafuna tambuu.

Nikamuuliza yeye anauitaje usukaji aliofunzwa na mamaye.

"Amana," akasema, bila kuinua macho. "Wenyewe hawa," akawaashiria kwa kidevu wajukuu waliokuwa wakigombea mkia wa ukili.

Nikafuta urithi. Katibu akachungulia karatasi, akauliza kama msajili hatadhani wamefungua benki.