Kuhama si kuhamia

Kuandika kwamba mchezaji wa mpira wa kikapu wa chuo Marekani "amehamishwa" ni kumnyang'anya uamuzi wake. Anayehamishwa ni mwalimu aliyepewa barua ya kwenda kituo kingine, yupo aliyemhamisha. Mchezaji huyu huhama mwenyewe. Tangu Oktoba 2018, hukiarifu tu chuo chake, jina likaingizwa kwenye orodha ya wanaotaka kuhama ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, na makocha wa vyuo vingine wakaruhusiwa kumtafuta.

Hapo kiambishi kidogo -i-, kinachogeuza kuhama (kuondoka) kuwa kuhamia (kwenda mahali fulani), kinabeba mzigo mzito. Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi, alihama West Virginia katikati ya msimu wa 2020/21, kisha akahamia Kentucky. Mwaka 2022 akatwaa tuzo ya Naismith ya mchezaji bora wa vyuo. Kwake vitenzi viwili vilifuatana upesi. Wapo wanaokwama katikati: wametangaza kuhama, hawajahamia popote, na ufadhili wa masomo kule walikotoka huenda umeshapewa mwingine. Basi jina likiwa bado orodhani, tuandike "anataka kuhama", tusimvishe jezi ya chuo ambacho hajakichagua.