Kuli na Kasha la Chuma

Ukijaliwa kuvuka feri ya Likoni kutoka kisiwani Mombasa, ewe msomaji, usiyatazame maji peke yake. Geuza uso kuume, uiangalie bandari ya Kilindini. Utaona meli ndefu kupita viwanja viwili vya mpira, imepangwa makasha ya chuma ya rangi mbalimbali kama vitabu juu ya rafu. Utaona kreni zikiyanyanyua moja moja na kuyatua gatini. Lakini ninalokuomba ulitambue hasa ni lile usiloliona, nalo ni watu. Meli ile ina shehena ya maelfu ya tani, na wanaoipakua waweza kuhesabika kwa vidole vya watu wachache. Walikwenda wapi wale waliokuwa wakiifanya kazi hiyo? Na faida ya jasho waliloachishwa kulitoa ilimwangukia nani?

Kabla ya mwaka 1926 Kilindini haikuwa na gati la kina kirefu. Meli zilitia nanga katikati ya maji, na shehena ikavushwa kwa matishali. Magati yalipojengwa meli zilisogea pwani, lakini mgongo wa kuli haukupata nafuu kubwa. Watu waliteremka katika tumbo la meli, mahali penye joto na vumbi, wakayapanga magunia ndani ya wavu wa kamba. Winchi ikauvuta juu. Wengine wakaupokea gatini na kuyabeba magunia hadi ghalani. Gunia la kahawa lina kilo 60. Hebu fikiri kulibeba mara mia tangu asubuhi hadi jioni, kisha kurudi kesho yake kubeba mengine mia, maana meli moja iliweza kukaa bandarini siku nyingi ikichotwa hivyo, gunia kwa gunia, mtumba kwa mtumba.

Wengi wao walikuwa vibarua wa siku. Asubuhi walikusanyika, wakachaguliwa. Aliyeachwa alirudi nyumbani mikono mitupu, na siku isiyo na meli haikuwa na posho. Walakini usiharakishe kuwahurumia kwa kila jambo. Miongoni mwao walikuwamo watu wenye mashamba ng'ambo ya kisiwa, ambao walipenda kufanya kazi siku chache, wakapata fedha ya kodi na ya nguo, kisha wakarejea kulima. Uhuru huo ndio uliowakera watawala, kwa kuwa mtu awezaye kukataa kazi ya leo si rahisi kuamrishwa. Katika miaka ya 1950 vibarua hao walianza kuandikishwa, wakawa wafanyakazi wa daima.

Silaha ya makuli ilikuwa moja tu: wao wasipoinama, meli haiondoki. Waliitumia mwaka 1939. Tarehe 13 Januari 1947 mji mzima wa Mombasa ulisimama. Makuli, watu wa reli, watumishi wa hoteli na wa majumbani, jumla yao wapata 15,000, waliacha kazi kwa siku kumi na mbili. Katika mgomo huo kilizaliwa chama cha African Workers Federation, na kiongozi wake, Chege Kibachia, akakamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule na kupelekwa uhamishoni Baringo. Machi 1955, nchi ikiwa katika Hali ya Hatari, makuli waligoma tena. Tom Mboya, kijana wa miaka 24, alishuka kutoka Nairobi kuwasemea. Aliwasihi warudi kazini, shauri likapelekwa kwa wasuluhishi, na mishahara ikaongezwa kwa asilimia 33. Ulikuwa ushindi mkubwa, na walioupata waliustahili.

Mwaka mmoja baadaye, mbali kabisa na Kilindini, lilitokea jambo ambalo sidhani lilizungumzwa katika baraza hata moja ya Mombasa. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iliyoitwa Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston, ikiwa imebeba makasha 58 ya chuma. Mwenye shauri hilo alikuwa Malcom McLean, ambaye hakuwa baharia bali mwenye malori. Yeye aliona upuuzi katika jambo ambalo mabaharia walilizoea kwa karne nyingi: kwa nini mzigo ushushwe kutoka lori kipande kwa kipande, upakiwe melini kipande kwa kipande, kisha ushushwe tena hivyo hivyo? Afadhali kunyanyua kasha zima pamoja na vilivyomo. Wakati ule kupakia tani moja kwa mikono kuligharimu karibu dola 6. Kwa makasha ya McLean kuligharimu senti 16 hivi. Hesabu hiyo ilitosha kuubadili ulimwengu. Ilipofika mwaka 1968 mataifa yalianza kukubaliana juu ya vipimo, ili kasha lililofungwa katika nchi moja liingie katika kreni, lori na behewa la nchi yoyote. Kasha hilo leo twaliita kontena.

Sitaki kulilaani kasha hilo. Kalamu uishikayo, redio ya nyumbani kwenu na viatu ulivyovaa yumkini vilikuja ndani yake, navyo vingekuwa ghali zaidi kama visingeletwa hivyo. Tena kubeba gunia mpaka uti wa mgongo upinde si kazi ya kuitamania mwana. Ugomvi wangu si na chuma. Ni juu ya mgao.

Fikiri habari za bandari mbili. Huko San Francisco na pwani yote ya magharibi ya Marekani, chama cha makuli, kikiongozwa na Harry Bridges, kilitambua kwamba mashine haizuiliki. Basi mwaka 1960, kabla makasha hayajaenea, kilikaa na wenye meli na kuiuza ruhusa ya kuziingiza. Wenye meli walikubali kutoa dola milioni 29 katika muda wa miaka mitano na nusu. Waliokwisha andikishwa wasiachishwe kazi kwa ajili ya mashine, na wazee wapewe kiinua mgongo wapumzike. Mapatano hayo yalikuwa na kasoro, maana vijana ambao hawajaandikishwa kikamilifu walipata kidogo, na mwaka 1971 manung'uniko yalizaa mgomo mrefu. Hata hivyo, waliokuwa kazini walilipwa sehemu ya ile akiba iliyotokana na mashine. Huko London magati yalifungwa moja baada ya jingine tangu mwaka 1967 hadi 1981, na mitaa mizima iliyoishi kwa kazi ya meli ikabaki na maghala matupu. Baadaye yakajengwa hapo majumba marefu ya mabenki. Mjukuu wa kuli aweza kuingia humo, akiwa amesomea hesabu. Babu yake hakungojewa.

Kwetu makontena yalianza kuonekana Kilindini katika miaka ya 1970. Mwaka 1984 bohari la makontena lilifunguliwa Embakasi, Nairobi, hata kasha likaweza kupita Mombasa bila kufunguliwa. Mwaka 2014 bandari ilipitisha makontena zaidi ya milioni moja, yakipimwa kwa kasha la futi 20. Kisha mwaka 2017 ikaja reli mpya ya kwenda Nairobi. Mwaka 2019 ilipoamriwa mizigo iende kwa reli hiyo, watu wa Mombasa walifanya maandamano barabarani: madereva, makanika, wenye vibanda vya chakula, wote waliokula kwa lori. Wengine waliwacheka kwamba wanapinga maendeleo. Mimi sikuwacheka. Walikuwa wakiuliza lile lililoulizwa San Francisco mwaka 1960, ila wao waliuliza amri ikiwa imekwisha toka. Mwaka 2022 amri hiyo ilitenguliwa.

Sasa rudi nami kwenye feri. Mlango unafunguliwa, watu wanamiminika, na kati yao yumo kijana asukumaye mkokoteni uliojaa mitumba. Robota hizo zilisafiri baharini ndani ya kontena, nayo kreni ikalishusha kwa muda mfupi kuliko huu autumiao kupanda mteremko wa kivuko. Hana chama, wala hajaandikishwa popote. Ukimuuliza ujira wake atakuambia kwamba hupatana na mwenye mzigo kila safari, kila asubuhi.