Sapatu za Kufuma: Neno na Kazi ya Mikono Mjini Kampala

Wasomaji wa jarida hili wamekwisha kuzoea kutusikia tukizungumzia sarufi na ushairi. Safari hii tumeona heri tuinamishe macho hadi miguuni, tutazame sapatu za nyumbani zifumwazo kwa uzi, na hasa soli zake. Huenda wako watakaouliza: sapatu za uzi zina nini cha kumfaa mwalimu wa lugha? Jibu letu ni kwamba historia ya Kiswahili mjini hapa huonekana wazi zaidi kizingitini mwa nyumba kuliko katika amri za serikali.

Anayekaa Kampala anaujua udongo wake mwekundu. Wakati wa kiangazi huwa vumbi, na wakati wa masika huwa tope lisilotoka kwenye nguo wala mkekani. Ndiyo sababu mgeni mwenye adabu huvua viatu mlangoni. Lakini sakafu ya saruji ina baridi, hususan alfajiri. Hivyo wenye nyumba wengi hupenda kuwa na kitu chepesi cha kuvaa ndani.

Kitu hicho Waganda hukiita ssapatu. Neno hili lilitoka mbali. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakaitawala Mombasa kwa muda mrefu, na mwaka 1698 wakang'olewa katika Ngome ya Yesu. Utawala wao ulikwisha, ila maneno yao machache yalibaki midomoni mwa Waswahili: meza, leso, na sapatu, ambalo kwa Kireno ni sapato, yaani kiatu. Katika miaka ya 1840, zama za Kabaka Suuna II, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walianza kufika Buganda wakiwa na vitambaa, bunduki na shanga. Waganda walikuwa na viatu vyao vya ngozi, engatto, lakini lugha yao iliyapokea pia maneno ya wageni. Leo Mganda husema emmeeza, leesu na ssapatu bila kuhisi kwamba anatumia maneno ya kigeni. Hakuna aliyemwamuru.

Ufundi wa kufuma kwa sindano ya kulabu ulipita njia nyingine. Ulienea sana Ulaya katika karne ya 19. Kule Ireland, wakati wa njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, wanawake wengi walijipatia riziki kwa kufuma na kuuza vitambaa vya urembo. Mwaka 1895 wanawake watano wa Church Missionary Society walifika Mengo. Mwaka 1903 masista Wafransisko, miongoni mwao Mama Kevin aliyezaliwa Ireland, walifika Nsambya, na mwaka 1905 shule ya wasichana ya Gayaza ikaanzishwa. Katika shule za namna hiyo ushonaji na kazi za mikono zilikuwa sehemu ya malezi ya wasichana. Ndipo vitambaa vya kufuma vikaenea juu ya viti na meza za nyumba zetu.

Kutoka mezani hadi miguuni, dhiki nayo ilichangia. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Maduka na viwanda vilivyoachwa viligawiwa watu ambao wengi wao hawakuwa na uzoefu wa biashara, na baada ya muda sabuni, sukari na chumvi zikawa bidhaa za magendo. Jirani yetu mmoja, bibi mzee wa upande wa Kibuli, alitusimulia jinsi alivyofumua sweta kuukuu la marehemu mumewe ili awafumie wanawe sapatu. Tulipomsifu kwa maua aliyoyafuma juu yake, alitukatiza: "Mwalimu, maua hayatembei. Tazama chini." Tukamjibu, "Haya, jjajja, tufundishe."

Alitufundisha hivi. Soli huanza na mnyororo wa vitanzi, ulio mfupi kuliko wayo, kwa maana kila mzunguko huongeza urefu mbele na nyuma. Kwenye ncha mbili, kisiginoni na vidoleni, vitanzi huongezwa. Vikipungua, soli hujikunja kama bakuli. Vikizidi, hufanya mawimbi. Uzi hukunjwa mara mbili, na kulabu huwa nyembamba ili vitanzi vibanane. Hata hivyo uzi mtupu huliwa upesi na saruji. Kwa hiyo yeye alikata mpira wa ndani wa tairi, akautoboa pembezoni kwa msharasi, kisha akaufungia soli yake humo. Nadhani tumeelewana: wale mafundi wa lugabire, viatu vya tairi, na wanafunzi wa shule za misheni walikutana katika soli moja.

Somo la lugha limo humo humo. Kufuma na kufumua humwonyesha mwanafunzi kinyume cha kitendo kuliko jedwali lolote la ubaoni. Wayo ni wa mguu, soli ni ya kiatu. Kulabu ni neno la Kiarabu, soli la Kiingereza, sapatu la Kireno, na yote ni Kiswahili.

Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa kwa amri kuwa lugha ya taifa la Uganda. Amri hiyo haikukiingiza majumbani, kwani watu wengi walikisikia kwanza kinywani mwa askari, tena kwa vitisho. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni. Hofu ya zamani, hata hivyo, ingali mioyoni mwa baadhi ya wazazi, na sisi walimu ndio tunaokutana nayo.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wenzetu wawatume wanafunzi nyumbani kwa bibi zao, wakakusanye majina ya vitu vya mlangoni, jikoni na chumbani, kisha wayalinganishe darasani. Mzazi atakapotambua kwamba Kiswahili kimo nyumbani mwake tangu enzi za babu zake, huenda akampokea mwalimu wake kwa moyo mwepesi zaidi.