Vali ndani ya mashine ya CD: zilivyorudi kwa njia ya Saratov na Changsha

Ukibonyeza swichi, muziki hauji papo hapo. Unasubiri kama nusu dakika. Ndani ya mashine vichupa viwili vya kioo, yaani vali, virefu kama kidole cha mwisho, vinaanza kuiva rangi ya chungwa, spika zinalia "tik" kidogo, ndipo fidla za Culture Musical Club ya Zanzibar zinapoingia. Waliokua na redio ya vali sebuleni wanaijua subira hiyo: mzee aliwasha mapema, la sivyo taarifa ya habari ilianza redio ikiwa bado inapasha. Ila hii si redio ya mzee. Ni mashine ya CD, chombo kilichozaliwa vali zikiwa zimeshaandaliwa sanda.

Sanda yenyewe ilianza kushonwa Desemba 1947, maabara ya Bell ya Marekani ilipopata transista. Tangu mvumbuzi Lee de Forest aongeze waya wa tatu ndani ya chupa mwaka 1906, vali ndizo zilizokuja kutegemewa kukuza sauti kwa umeme. Lakini vali hula umeme, huunguza vidole na huchoka. Transista haina makuu hayo. Miongoni mwa waliopata utajiri kwa vali ni Philips ya Uholanzi, iliyoimiliki Mullard ya Uingereza tangu 1927. Na ni Philips hiyohiyo iliyokuja kushirikiana na Sony kuileta CD. Tarehe 1 Oktoba 1982 Sony ilianza kuuza CDP-101 huko Japani, kwa yeni 168,000.

Watu walishangilia: mikwaruzo imekwisha, sindano haihitajiki. Wengine wakanuna. Sauti safi, sawa, lakini kali. Fidla zinachoma masikio. CD huipima sauti mara 44,100 kila sekunde, na mtetemo wowote unaozidi nusu ya hapo lazima ukatwe. Vichujio vya mashine za mwanzo vilikata kwa ukali kama panga, na lawama nyingi ziliangukia hapo. Mimi nadhani kosa jingine lilikuwa la studio: CD kadhaa zilitolewa kwenye tepu zilizotayarishwa kwa ajili ya santuri, bila kurekebishwa.

Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya California Audio Labs ikafanya jambo lililoonekana kama mzaha: mashine yake ya CD, Tempest, ikatiwa vali. Si kwenye kusoma diski, maana kazi hiyo ni ya leza, wala si kwenye kugeuza namba kuwa umeme, maana hiyo ni ya chipu. Vali ilikaa mlangoni, pale sauti inapotoka kwenda kwenye amplifaya. Haigusi namba hata moja. Inachofanya ni kuongeza kitu: noti ya mitetemo 440 kwa sekunde inapata kivuli chake cha 880, yaani noti ileile ya juu, kidogo sana. Maabara inaita huo upotoshaji, na haikosei. Lakini iliki nayo haimo kwenye majani ya chai, na bado kuna nyumba ambazo chai bila iliki hurudishwa jikoni.

Tempest ilikuwa ya wenye nafasi. Ili mtu wa mshahara aipate ladha hiyo, ilibidi vali ziwe rahisi, na viwanda vya Magharibi vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine. Vilivyobaki vilikuwa upande wa pili wa Vita Baridi. Tarehe 6 Septemba 1976 rubani Viktor Belenko alitoroka Urusi ya Kisovieti na kutua Hakodate, Japani, na ndege ya kivita ya MiG-25. Wataalamu walipoifungua wakakuta imejaa vali. Wapo waliocheka. Lakini jeshi lenye ndege za namna hiyo haliwezi kufunga kiwanda cha vali, na cha Reflektor, mjini Saratov kando ya Volga, kiliendelea na kazi. China nayo ilikuwa na Shuguang, Changsha, tangu 1958. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani Mike Matthews, mtu wa vifaa vya gitaa, akaanza kuingiza vali za Kisovieti kwa jina la Sovtek, maana wapiga gitaa hawakuwahi kuziacha.

Ndiyo maana mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Jolida ya Maryland, iliyotengenezesha China, iliweza kuuza mashine ya CD, JD-100, yenye vali mbili kwa chini ya dola 1,000. Shanling ya Shenzhen yenyewe ilizisimamisha vali za CD-T100 juu ya kifuniko, kama minara, ili mgeni asiulize. (Kwa mifuko ya huku hizo bado ni pesa, wengi wetu tumeokota za mtumba.)

Mashine ya rafiki yangu ina matundu mawili ya kutolea sauti, moja la vali na jingine la transista. Jioni moja alinikalisha nikizipa mgongo spika, akawa anabadili waya huku mimi nikitaja ipi inapiga. Kwenye fidla na kanuni sikukosea. Kwenye dumbaki nilikuwa nabahatisha tu. Jumla nilipatia mara sita kati ya kumi. Akacheka, akanyoosha mkono kuzima, nikamwomba aiache ile ya fidla imalizike kwanza. Kwa vali.