Maji ya 1905 na sindano za Mbeya

 Baridi ya huku Uyole msiseme, asubuhi ukifungua mdomo unatoa moshi kama lori linalopanda Mlima Nyoka. Nimepotea kidogo, si mnajua tena mambo ya tesiti.

Juzi usiku umeme ulikatika, kusoma kukafa, tukabaki tunabishana na rumeti wangu. Yeye anasoma sayansi, mimi historia. Akaikumbushia habari ya mtafiti wa Uchina, He Jiankui, ambaye Novemba 2018 alitangaza kwamba amebadili jeni za mapacha wa kike wakiwa bado viinitete, ili VVU visiweze kuwaingia. Rumeti ni mlokole wa kweli kweli. Akasema ile ni kufuru, na ni mambo mapya ambayo mababu zetu hawakuyawaza.

Hapo kwenye "mapya" ndipo nilipogoma. Nikamwambia, kaka, mababu zetu waliyawaza, tena waliyafia.

Mwaka 1904 kule Ngarambe, jirani na Rufiji, Kinjeketile Ngwale alianza kugawa maji. Watu walisema ameingiwa na pepo Hongo. Maji yalichanganywa na nafaka kama mtama, wengine wakanyunyiziwa, wengine wakanywa. Ahadi yake mnaijua tangu shule ya msingi: risasi ya Mjerumani ikikugusa inageuka maji. Sasa hebu itazame vizuri ahadi hiyo. Ni kuuongezea mwili uwezo ambao haukuzaliwa nao. Tofauti na Uchina ni kwamba pale kilichotakiwa kuzuiwa ni risasi, huku ni kirusi.

Na msiwacheke wazee. Watu walikuwa wanalimishwa pamba kwa viboko, na maji yale yaliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kukaa meza moja. Vita vikaanza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi. Tarehe 4 Agosti Wajerumani wakamnyonga Kinjeketile pale Mohoro. Lakini maji yalishaondoka mikononi mwake. Tarehe 30 Agosti Wapogoro na Wambunga walilivamia boma la Mahenge mchana kweupe, wakafyekwa na bunduki za rashasha. Septemba maji yakawa yameshafika huku Nyanda za Juu, Wabena wakaishambulia misheni ya Yakobi karibu na Njombe. Nako risasi zilibaki risasi.

Kinachoniuma mimi ni kilichofuata. Dawa iliposhindwa, lawama walitupiwa waliokufa. Ilisemwa wamevunja miiko, labda fulani alilala na mkewe kabla ya vita. Dawa ikabaki safi, maiti ndiyo ikawa na kosa. Wajerumani walikadiria waliokufa ni 75,000. Wanahistoria wa baadaye wanafika hadi 300,000, wengi wao kwa njaa, baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto.

Rumeti akadakia: "Si unaona? Ndiyo malipo ya kuchezea kazi ya Mungu." Wenzetu Waislamu nao wana aya katika Sura ya An-Nisaa inayomtaja Shetani akiapa kuwaamrisha watu wabadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Hoja nzito, siipuuzi. Lakini nikamwuliza, ile chanjo uliyochanjwa utotoni begani si nayo imeuongezea mwili wako kinga ambayo hukuzaliwa nayo? Mbona kovu lake hulitubii? Akacheka.

Halafu nikamletea ya hapa hapa mjini. Mbeya ilikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti wa chanjo ya VVU ulioitwa PrEPVacc, pamoja na Dar es Salaam, Masaka na Durban. Ulianza Desemba 2020, watu wazima zaidi ya 1,500 wakajitolea. Mwishoni mwa 2023 kamati huru ya kukagua takwimu ikaona chanjo zile hazina matumaini ya kuzuia maambukizi. Sindano zikasimamishwa, na ikatangazwa hadharani kwamba zimeshindwa. Hakuna aliyeambiwa amevunja mwiko.

Yaani dawa zote mbili zilishindwa, ya Ngarambe na ya Mbeya. Ila moja ilikuwa na mtu wa kusema "basi, tusimame", nyingine haikuwa naye. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa anayetaka kuniongezea nguvu mwilini haliwi "je, ni dhambi?" Namwuliza: dawa yako ikishindwa nani ataniambia, na nani atabeba lawama? Nadhani hilo nalo ni swali la dini, maana linahusu kusema kweli na roho za watu.

Nikajiona nimeshinda. Rumeti akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa. Waliojitolea hapa Mbeya waliulizwa, wakakubali, na wangeweza kujitoa. Wale mapacha je? Nani aliwauliza? Nao watasema 'basi' lini, wakati kitu chenyewe kiko ndani ya jeni zao na watakirithisha?"

Yule mtafiti alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu Desemba 2019, lakini hukumu hairudishi jeni zilivyokuwa. Umeme ukarudi na mimi sina jibu. Mpaka leo sina.

Nyie wadau mnasemaje?