Ungo wa Habari za Hewani

Leo twazungumza juu ya watu wa redio ya ridhaa, yaani watu wanaotafutana hewani kwa mitambo yao wenyewe, kwa kupenda tu, si kwa ujira.

Zamani kazi ilikuwa kutafuta. Desemba 1921 Paul Godley, Mmarekani, alikesha hemani pwani ya Ardrossan, Scotland, katika baridi, mpaka akazisikia stesheni za wenzake kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Alizozisikia aliziandika.

Katika miaka ya 1980 mambo yaligeuka. Dick Newell, Mmarekani pia, alitunga programu ya kompyuta iitwayo PacketCluster. Mmoja akisikia stesheni ya mbali hupeleka taarifa, na wenzake waliounganishwa huisoma papo hapo. Mwaka 2008 ikaja CW Skimmer, programu inayosikiliza yenyewe stesheni nyingi za Morse kwa mara moja. Taarifa zikawa mafuriko.

Daftari nalo lilikuwa limekwisha hamia ndani ya kompyuta. Basi likatiwa ungo: taarifa zikapepetwa kwa nchi, kwa masafa, na kwa stesheni zilizokwisha andikwa.

Lakini ungo huo hufuata tu orodha uliyopewa. Sudani Kusini ilipopata uhuru mwaka 2011, programu yenye orodha ya zamani ingeweza kuihesabu stesheni ya huko kuwa ya Sudani, nchi iliyokwisha patikana, na kuitupa pamoja na pumba. Kwa hiyo yampasa mwenyewe kusahihisha orodha, na mara kwa mara atazame kilichozuiwa.

Zungumzeni darasani: habari mnazozipata ninyi, ni nani anayezipepeta?