Asili ya Mbwa Wawili
Atakaye mbwa wa kukaa na watoto wake, akisita baina ya Labrador na Golden Retriever, huvutwa kwanza na sura. Historia yamfundisha vingine. Wazee wa Labrador walitoka Newfoundland, walikowasaidia wavuvi majini. Waingereza wakawafunza kuokota ndege waliopigwa risasi. Golden alianzia Guisachan, Scotland, ambako mwaka 1868 Lord Tweedmouth alipandisha Nous, dume la manjano, kwa Belle, jike wa ukoo wa majini. Zamani ilisimuliwa kuwa asili yake ni mbwa wa sarakasi wa Urusi. Daftari la bwana huyo, lililotangazwa 1952, likakanusha. Basi wote wawili ni wana wa kazi. Manyoya marefu ya Golden hutaka kitana zaidi. Lakini kutembezwa kila siku ni haki ya wote. Asiyeweza kuitimiza asichague hata mmoja.